Jina Lililojirudia

Vijana wa idara wameniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kufundisha. Nimekubali kwa sababu kukaa kunanishinda. Tangu nistaafu naamka kabla ya watu wote wa nyumba hii ya Pasiansi, hapa Mwanza, nafagia ua uliokwisha kufagiwa jioni, natoka hadi getini, narudi, nafungua redio, naizima. Binti yangu ananiambia, "Mama, tulia basi, huna kipindi cha asubuhi." Najua sina. Miguu ndiyo haitaki kuelewa.

Vyeo sitavitaja. Nani alikuwa mkuu wa idara mwaka gani, hayo yako ofisini, na mshahara wa mwalimu wa siku zile hauna cha kusimulia. Nataka kuwaandikia jinsi tulivyofundisha somo la dini kwa kuwatoa wanafunzi nje wakaulize wenyewe, na hasa habari ya kijiji kimoja nyuma ya Usagara, nje kidogo ya mji. Hiyo mmeisikia nusunusu kwenye korido, na kila anayeisimulia anaikatia pale anapopapenda. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo kaeni niwape yote.

Nilifika Mwanza miaka ya tisini ikianza, binti wa Kihaya, Mlutheri, mtoto wa wakulima wa kahawa, na sanduku limejaa notisi. Mji haukuwa unatulia. Kila kitu kilikuwa ruksa. Viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kandokando ya ziwa, mitumba imemwagwa hadi barabarani, vyama vya siasa vinapandisha bendera, na kila wiki unakuta kanisa jipya limezaliwa kwenye ghala, kwenye ukumbi wa disko, kwenye banda la mabati. Watu wa mihadhara ya dini wanabishana kwa vipaza sauti mpaka koo zinakauka. Mimi katikati ya hayo yote naingia darasani, nafunga dirisha ili kelele zisituingilie, naanza kuwasomea wanafunzi: "Dini za jadi za Kiafrika zina sifa saba. Andikeni. Ya kwanza..."

Siku hiyo ya kwanza kulikuwa na mzee amekaa kiti cha nyuma, kofia ya pama kichwani. Nikadhani ni mzazi wa mtu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizo sifa saba alizihesabu nani?"

"Ziko kitabuni," nikamjibu.

"Na hicho kitabu kilishawahi kufika Kisesa?"

Darasa likaangua kicheko, uso ukaniwaka moto. Baada ya kipindi ndipo nikaambiwa kwamba yule ni Mzee Masanja, mwalimu mwandamizi wa somo langu mwenyewe, Msukuma wa Misungwi, katekista wa zamani aliyesomea ukubwani. Nikamfuata ofisini nimejiandaa kugombana. Nikamkuta ananusa ugoro.

"Shikamoo, Mzee. Umeniaibisha mbele ya wanafunzi."

"Marahaba, binti yangu. Kesho usifunge lile dirisha."

Ndivyo alivyokuwa. Hana maelezo marefu, hana pole, na alitembea haraka kiasi kwamba ukitaka kuzungumza naye njiani lazima ukimbie kidogo. Wiki iliyofuata akalichukua darasa langu hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Hakutaka mtu atusimulie kwanza. Kila mwanafunzi alichagua kifaa kimoja, akakichora, halafu akaambiwa aende vijijini huko, asirudi mpaka ameiona nyumba ambamo kifaa hicho bado kinafanya kazi. Waliondoka wananung'unika, jioni wakarudi wanaongea wote kwa mpigo. Mmoja alikuwa amechora kibuyu cha matambiko. Alikikuta kwa bibi mmoja kina maziwa ndani, kimewekwa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Akaniuliza hiyo aiandike kwenye sifa ya ngapi. Jamani! Notisi zangu niliwashia mkaa, na watu wa maktaba msiwaambie.

Kanuni za Mzee Masanja za kwenda nje zilikuwa fupi, na hadi leo nazisema peke yangu jikoni. Piga hodi. Kaa unapokalishwa. Shika kazi unayoikuta. Siku ya kwanza usiulize neno. Wanafunzi wetu wakawa wanapukuchua mahindi, wanaparua samaki, wanabeba maji, na mahojiano yanakuja yenyewe baadaye mikono ikiwa na kazi. Vifaa vyetu vilikuwa redio kaseti moja ya kushikilia kifuniko kwa kidole, na betri tulizozianika juani asubuhi ili zifike mchana. Karatasi za maswali tulizichapa kwa mashine ya stensili iliyotupaka wino mpaka kwenye viwiko. Ninyi mnaorekodi kwa simu, mna raha zenu.

Kesi hazikukosekana. Kijana mmoja wa Kiislamu tulimpeleka kwenye misa ya Pasaka, akatoka ananiuliza inakuwaje watu wanakaa na kusimama mara nyingi vile na hakuna anayekosea. Binti mmoja Mkatoliki tulimpeleka kwenye mkutano wa uponyaji pale Kirumba, kazi yake ni kutazama tu. Mhubiri akapita anawawekea watu mikono, mstari mzima ukaanguka, naye akaanguka. Kwenye ripoti aliandika: "Nilianguka kwa adabu." Baba yake alikuja chuoni amewaka, anataka kujua kama tunafundisha dini au tunagawa watoto wa watu. Nilimpa chai, nikamsomea ripoti ya mwanawe, akacheka mpaka akasahau kunikasirikia.

Basi, sasa kijiji.

Mzee Masanja alikuwa na njia yake ya kumpata mtu anayejua. Tuliiita fuata jina. Unamuuliza wa kwanza: hapa kijijini, nani anajua zaidi jambo hili? Anakutajia mtu. Unakwenda kwa huyo, unamuuliza vilevile. Unafuata majina mpaka yanaanza kujirudia, na jina likijirudia umefika. Tuliitumia kwa ngoma, kwa nyimbo za kilimo, kwa kuwapa watoto majina, na haikututupa hata mara moja.

Katika darasa la mwaka wa kijiji hicho nilikuwa na Evodia, binti wa Bukoba, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo. Alichagua kuchunguza kinga ya nyumba, yaani watu wanazilinda vipi nyumba zao na mabaya, kwa dawa, kwa sala, au kwa vyote viwili. Swali zuri sana, na mimi nilimsifu. Kwa kuwa hakujua Kisukuma nilimpa mwenzake, Shija, kijana wa hukohuko upande wa Usagara, mwimbaji wa kwaya, mkimya. Wakaenda kijijini wiki ya kwanza, wakarudi, tukakaa darasani kuwasikiliza. Mzee Masanja alikuwa kwenye kiti chake cha nyuma.

"Mwalimu, tumefika!" Evodia alisema, hata kukaa hakuweza kwa furaha. "Jina limejirudia. Kila nyumba tuliyouliza nani anajua zaidi mambo ya dawa, wametaja mtu mmoja. Mayu Minza. Mjane, anakaa peke yake karibu na barabara. Kila nyumba, Mwalimu!"

Darasa likapiga makofi. Shija alikuwa anaangalia sakafu.

"Walipokutajia jina hilo," Mzee Masanja akauliza, "walilitaja kwa sauti gani?"

Evodia akafikiri. "Ya chini, Mzee. Wengine walitazama mlangoni kwanza."

Mzee akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia darasani.

"Hawakuwa wanakuonyesha mjuzi, mjukuu wangu," akasema. "Walikuwa wanakuonyesha mchawi."

Wale ambao hamkuishi pande hizo miaka hiyo, niwaambie wazi. Vikongwe walikuwa wanauawa kwa mapanga kwa neno hilo. Nchi ile haina kuni. Watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na miti ya pamba, moshi wake unaharibu macho, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu ameshahukumiwa nusu. Inayobaki ni jina lake kuanza kupita mdomo hadi mdomo. Nasi tulikuwa tumelipitisha nyumba kwa nyumba, kwa karatasi ya chuo, mchana kweupe.

"Shija," nikamwita, "wewe ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu." Akainua uso. "Nyumba ya pili tu nilijua."

"Mbona hukusema, baba?"

"Niliona aibu. Hapa chuoni nikisema watu wanamwogopa mchawi, mngeniona mimi ndiye bado niko gizani. Nikasema hawa ni wasomi, wanajua wanachofanya."

Hasira zilinipanda, na sikujua nizipeleke wapi. Kwa Evodia aliyekuwa analia? Kwa huyu mtoto aliyenyamaza kwa sababu ya shule tuliyompa? Kwa Mzee na njia yake? Nilikusanya vitabu, nikavimwaga, nikavikusanya tena. Shija ndiye aliyemalizia habari. Kiwanja cha Mayu Minza kilikuwa mahali pazuri, karibu na njia panda, na tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, kila mwenye akili alitaka ghala pale. Makoye, mtoto wa shemeji yake, alikuwa ameshamwomba ampishe, bibi akakataa. Mtoto mchanga wa Makoye alikuwa mgonjwa. Nani anafaidika na jina la Mayu Minza likijirudia, mtoto wa shule ya msingi angeweza kukwambia.

Kesho yake tulikwenda kwa pikapu ya chuo, mimi, Mzee Masanja na wale wawili. Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba yake anachambua pamba, mama mrefu, mkavu, macho mekundu ya moshi.

"Mwadila, mayu," Mzee akamsalimu kwa Kisukuma, salamu ya mchana kwa mama.

"Mwadila. Karibuni. Naona mmeongezeka."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha polepole, hakina neno la ziada. Tukakaa alipotukalisha, tukachambua naye pamba. Hatukuuliza kitu. Mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Tangu watoto hawa wapite, hakuna anayekuja kuomba moto kwangu. Watoto wakicheza hapa mama zao wanawaita. Na Ngolo haji." Akanyoosha mkono kwenye nyumba ya jirani. "Ngolo tulichumbiwa mwaka mmoja. Tunalimiana, leo kwangu, kesho kwake. Sasa anapita kwa nyuma. Mmewaambia nini watu?"

Evodia akafungua mdomo, Mzee akamkata jicho. Akamwambia Mayu Minza ukweli kwa Kisukuma, taratibu, maneno machache. Mikono ya bibi haikuacha pamba, ila alikuwa anachambua palepale palipokwisha kuwa peupe.

Njiani kurudi Mzee alinusa ugoro wake tu. Mimi nilisema ya kutosha kwa wawili. Nilitaka tumhamishie kwangu Pasiansi siku hiyohiyo, nilitaka tuende polisi, nilitaka chuo kiandike, nilitaka dereva ageuze gari. Tulipofika chuoni ndipo Mzee akasimama mlangoni mwa gari.

"Tukimhamisha, tumesema ni kweli. Tukienda kwake tena peke yake, tumesema ni kweli. Tukiacha kwenda, tumemwacha na jina lake."

"Sasa tufanye nini, Mzee?"

"Tunakwenda kwa wote. Darasa zima. Na hilo swali la nani tunalitupa."

Shule ya msingi pale kijijini ilikuwa imefungwa kwa likizo ya Juni, na pamba ilikuwa tayari. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwelewa, alitupa madarasa ya kulala baada ya kukaa na Mzee Masanja chumba kimoja mpaka chai ikapoa, na aliwaambia walinzi wa jadi waangalie nyumba zote, bila kutaja ya mtu. Wanafunzi wakagawanywa. Kila nyumba ya kijiji kile ilipata wawili wa kuchuma pamba, kula ugali, na siku zikienda, kuuliza: wewe hapa kwako, nyumba yako unailinda vipi? Si nani anajua. Wewe.

Sijawahi kukaa roho juu kama wiki zile. Mbwa akibweka nasimama. Mtu akikimbia barabarani, hata akiwa anakimbilia gari, nasimama. Kila asubuhi nilitoka kabla ya chai, nikazunguka kwa njia ya mbali ili nipite mbele ya nyumba ya Mayu Minza nimwone yuko, nimsalimie kama ninavyowasalimia wengine, nipite. Mzee aliniambia, "Koku, ukipita mara nyingi hivyo, wewe ndiye utakayemponza." Nikaacha kupita, nikawa napanda kichuguu nyuma ya shule na kutazama kama moshi wake umeanza kutoka.

Wakati huo nyumba zilikuwa zinafunguka. Ukimuuliza mtu nani anajua, anakutajia jirani. Ukimuuliza wewe unajua nini, kwanza anakataa, halafu akishaona vidole vyako vimechubuliwa na vikonyo vya pamba, anakuonyesha. Chungu kilichofukiwa mlangoni. Kijumba cha mizimu uani. Rozari kwenye boriti, na pembeni yake kitambaa chenye kitu ndani. Mzee wa kanisa mmoja alikataa siku nyingi kabisa, mwishowe akamtoa Shija nje, akamwonyesha dawa kwenye zizi la ng'ombe, akamwambia, "Hii si ya nyumba. Ni ya ng'ombe. Ng'ombe hawajabatizwa." Na Makoye je? Makoye alikuwa na kinga nyingi kuliko mtu yeyote, kwenye kona zote za nyumba, nyingine amezifuata mbali na kuzilipia ng'ombe. Evodia ndiye aliyekuwa amepangiwa kwake. Mwenyewe aliomba. Alimbeba yule mtoto mgonjwa, akaenda na mama yake hadi zahanati, wakapewa dawa ya malaria, mtoto akaanza kunyonya.

Kwa Mayu Minza walikaa wawili kama nyumba nyingine yoyote. Alichojua yeye kilikuwa kidogo: kuwakanda watoto tumbo, na maneno ya kusema jua linapochomoza huku unapuliza maji ya unga. Wanafunzi walirudi wakisema, Mwalimu, mbona hapa hakuna kitu.

Siku ya mwisho tuliwaita watu wote shuleni kuwasomea tulichokipata. Mzee aliamini kwamba kazi ikikamilika lazima irudishwe kwa wenyewe waikosoe, na tulifanya hivyo kila mahali, ila safari hii nilizipitia karatasi mara mbili nikitafuta kama limebaki jina la mtu. Watu walijaa mpaka madirishani. Mayu Minza alikaa ubavuni, benchi zima peke yake. Wanafunzi wakasoma, mmoja baada ya mwingine, vitu tu bila kusema ni kwa nani: kuna nyumba zenye chungu, kuna zenye rozari, kuna zenye vyote. Na hakuna nyumba isiyo na kitu. Watu wakaanza kucheka chini kwa chini, wanasukumana viwiko. Kila mtu alikuwa anajua kipi ni chake na kipi ni cha jirani.

Makoye akasimama.

"Mmesoma vizuri. Lakini kuna mmoja mliyeambiwa habari zake tangu mwanzo. Mbona huyo hamsemi?"

Watu wote wakageukia benchi la Mayu Minza. Evodia akainuka, na mimi moyoni nikasema, Mungu wangu, mdomo wake.

"Shikamoo, baba Makoye," akasema.

"Marahaba."

"Mimi nimelala siku zote hizi nasikia mtoto wako anavyolia. Nimekula kwako, mkeo amenifundisha kusonga ugali, na bado anasema wangu ni uji. Kama ni mtu anayejua dawa kuliko wote hapa, baba, mimi niliyemwona kwa macho yangu ni wewe. Nikae niandike jina lako?"

Kwanza akacheka mtu mmoja kule nyuma, mwanamke. Kisha mzee wa kanisa. Kisha darasa lote likalipuka, watu wanapiga mapaja, wanarudia "nikae niandike jina lako?" kwa Kisukuma kwa waliokosa kusikia. Makoye alisimama kidogo. Mkewe akamvuta shati. Akakaa, na nilimwona naye mwenyewe anafuta uso, sijui ni jasho, sijui ni kucheka. Mwenyekiti alikuwa mjanja. Akasimama hapohapo kabla kicheko hakijapoa, akasema kama dawa ni kosa basi kijiji kizima kifungwe na yeye awe wa kwanza, na akautaka ulinzi uendelee.

Mayu Minza hakuuawa. Naliandika hilo peke yake kwa sababu najua ndilo mnalotaka kujua. Alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee, kwenye kiwanja chake, na ghala la Makoye lilijengwa ng'ambo ya barabara.

Lakini wanaosimulia hadithi hii huikatia hapo kwenye kicheko, na hapo ndipo mimi ninapoanza kutembea uani. Mtu anaweza kuachwa hai na bado asiwe na wa kumwomba moto. Jioni ile, gari likiwa linapakiwa, nilikwenda kumuaga, safari hii peke yangu. Alikuwa ameweka sufuria ya viazi jikoni. Akanikalisha kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Mwalimu, nina swali. Ninyi mmeuliza sana, sasa ni mimi."

"Uliza, mayu."

"Waliotaja jina langu ni akina nani?"

Nilijua lingekuja. Nilimwambia tunavyowaambia wote: mtafiti hatoi jina la aliyezungumza naye, ni kanuni, bila hiyo hakuna atakayetuamini tena.

"Hiyo kanuni inamlinda nani?"

"Inamlinda aliyeongea."

"Mimi sikuongea," akasema. "Mimi niliongelewa. Ya kunilinda mimi iko wapi?"

Wanangu wa idara, nimesoma vitabu vingi vya namna ya kutafiti tangu siku ile, na vingine nimevifundisha. Jibu la swali hilo sijalikuta limekaa vizuri popote. Nilianza kuwaambia wanafunzi kila mwaka kwamba kabla hujauliza, mfikirie kwanza yule asiyekuwepo chumbani atakayetajwa. Ndiyo ilikuwa kanuni ya tano, niliiongeza mimi. Lakini jioni ile nilikuwa sina ya tano wala ya sita. Nilikuwa na mama amesimama mbele yangu ambaye kesho ataamka katikati ya watu hao, na mimi nitakuwa mjini.

"Nina macho mabovu, lakini si kipofu," akaendelea. "Makoye najua. Wengine siwajui. Nikikutana na mtu kisimani sijui kama ndiye. Nikipewa chumvi sijui niitie. Niambie, niwajue niwaogope."

"Mayu..."

"Ngolo alisema?"

Nilimtazama. Ningeweza kudanganya, na ningeweza kunyamaza, na kunyamaza kungekuwa ni kumjibu. Ngolo alikuwa nyumba ya kwanza kabisa. Ndiye aliyelitaja kabla ya wote.

"Wote, mayu," nikasema. "Kila nyumba waliyoiuliza. Walisema wote."

Hakulia. Aliinama akageuza viazi, akafunika sufuria, akakaa chini polepole hadi akafika. Nikaona nimemuua mimi kwa mdomo wangu.

"Wote," akasema.

"Wote."

"Ungenitajia wawili, ningewaogopa hao wawili mpaka kufa kwangu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Ungenitajia kumi, ningefunga virago. Sasa wote nitawaogopaje? Nitachuma pamba na nani?"

Akainuka kwa kushikilia nguzo, akaenda hadi mlangoni. Ng'ambo ya ua, Ngolo alikuwa anapita kwa nyuma na ndoo kichwani, uso ameugeuzia upande wa pili.

"Ngolo!" akaita, kwa sauti ya kusikika mpaka njia panda. "We Ngolo! Viazi vimeiva, na mgeni anaondoka. Tua hiyo ndoo, njoo tule."